Ufunguo Uliozikwa na Koti

Kijiwe chenyewe hakina hata bango. Ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegeshwa kwenye ukuta wa gereji ya Aloyce, pale barabara ya Mbamba Bay inapoanza kuuacha mji wa Mbinga, na watu wamekibatiza Stendi ya Wasiosafiri. Anayekalia kiti hicho haendi popote; anakunywa kahawa ya Devotha, anarekebisha serikali, anarekebisha ndoa za wenzake, halafu anarudi nyumbani kula. Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Wenye kijiwe walikuwapo wote: Zabron, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kushika kibendera kwenye kampuni ya kujenga barabara, Raimundi muuza mitumba, anayeitwa Askofu kwa kuwa hakuna jambo la kanisa asilolitolea hukumu, na Lusekelo, bwana mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Tukuyu, ambaye kwa kuchoma sindano ng'ombe amepata jina la Daktari. Mwisho wa kiti alikaa Joakim, naye hakuja kupiga soga. Macho yake yalikuwa kwenye pikapu nyeupe ya marehemu kaka yake, Salvatory, iliyokuwa wazi mlango wa dereva, na miguu ya fundi Aloyce imetokeza nje.

Injinia: Joakim, mdogo wangu, kunywa kahawa hiyo. Inapoa.

Joakim: Nakunywa, kaka.

Hakunywa. Kikombe alikishika kwa ajili ya joto tu. Simu ilikuwa juu ya paja, kioo kikitazama juu, kwa sababu baba mkubwa, mzee wa ukoo, alisema atapiga.

Daktari: Jamani, mimi nilikuwa Lipingo kwenye chanjo, nimerudi jana. Nimesikia maneno njiani sikuyaamini. Ni kweli marehemu kazikwa na ufunguo wa gari?

Injinia: Kweli tupu.

Daktari: Yaani hivi tunavyoongea, uko naye?

Askofu: Uko mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Na koti lenyewe nilimuuzia mimi. La sufu, zito, la Ulaya. Mfuko wa ndani una zipu. Nilimwambia siku ile ile, Salvatory, kwenye koti hili kikiingia kitu hakitoki.

Daktari: Sasa aliyemvika hakupapasa mifuko?

Injinia akakohoa. Askofu akaangalia viatu vyake. Joakim akajibu mwenyewe, maana swali hilo alishalijibu mbele ya ukoo mzima na halikuwa na aibu mpya ya kumpa.

Joakim: Nilimvika mimi, Daktari. Ndugu walitaka aende na shati jeupe na suruali, basi. Nikasema hapana, kuna baridi. Kaka alikuwa akipanda kutoka ziwani, akifika huku juu, kabla hajamsalimia mtu anavaa koti lake. Nikamvika. Nikafunga vifungo. Nikagusa kitu kigumu hapa kifuani, nikajua ni rozari.

Askofu: Usijilaumu. Rozari kila Mkristo anakwenda nayo.

Injinia: Ila rozari haina meno.

Askofu: Injinia!

Injinia: Nasema tu, bwana. Kwani kusema kosa?

Swichi ya pikapu hiyo, ambayo Salvatory alibebea watu na samaki kutoka ziwani, ilikuwa mbovu miaka mingi. Ilikubali ufunguo mmoja tu, ule uliolika meno hadi ukabaki kijiti, na ufunguo huo nao ulikubali mkono mmoja. Salvatory aliuchomeka, akaurudisha nje kidogo, akausukuma usukani kwa goti, ndipo akazungusha. Mwingine akijaribu, swichi inagoma na usukani unajifunga. Ufunguo wa akiba ulipotea siku nyingi na mwenyewe hakuhangaika kuutafuta. Akiulizwa, alikuwa akicheka na kujibu: mimi si nipo? Akaanguka shambani akichuma kahawa, presha, na kabla hawajamfikisha zahanati akawa hayupo.

Kama mambo yangeishia kwenye gari, Joakim angevumilia kutaniwa. Lakini baada ya mazishi mtoto wa dada yake akashikwa na homa isiyotoka, ng'ombe wa nyumbani akatupa mimba, na kahawa iliyokwisha kuchumwa ikaanza kuingia ukungu kwa kukosa usafiri wa kuifikisha chama cha msingi cha ushirika. Wazee wakaanza kunong'ona. Ufunguo haukusahauliwa mfukoni mwa Salvatory, kaondoka nao makusudi. Kaufunga mlango wa ukoo na kwenda zake. Baba mkubwa akatoa hukumu kwa upole wake ule unaotisha kuliko kelele: fundi abadilishe swichi. Gari likiwaka kwa ufunguo mwingine, ni dalili kwamba marehemu karidhia, na aachwe apumzike. Lisipowaka mpaka leo adhuhuri, vijana watachukua majembe na kaburi litafunguliwa kabla jua halijazama. Na kwa kuwa Joakim ndiye aliyevifunga vile vifungo, Joakim ndiye atakayevifungua.

Tangu hukumu hiyo Joakim hakulala vizuri. Alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote, na hakutaka kumwona tena. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwake na yakamfanya ajichukie.

Daktari: Lakini hili mbona jambo dogo! Si fundi aunge nyaya? Nimeona kwenye sinema. Jamaa anavuta nyaya mbili chini ya usukani, cheche, gari linaondoka.

Aloyce alijibu kutoka ndani, sauti yake ikipita kwenye pedali.

Aloyce: Litawaka, Daktari, halafu litakwenda lenyewe mtaroni. Usukani umefungwa. Loki ya usukani na kitasa cha swichi ni kitu kimoja, lazima vyote vitoke.

Joakim: Na baba mkubwa kasema ufunguo. Nyaya amezikataa. Kasema gari la kuunga nyaya ni gari la wizi, marehemu hawezi kuridhia wizi.

Injinia: Mzee ana akili, usimdharau. Ila hata yeye hajaliona tatizo lenyewe. Tatizo hapa si ufunguo. Tatizo ni mkono.

Devotha: Mkono gani tena?

Devotha alikuwa kwenye kigoda chake, akipuliza jiko chini ya birika. Kahawa yake ni ya shambani kwake, anaikaanga na kuitwanga mwenyewe, na haki ya kuingilia mazungumzo anaihesabu kuwa sehemu ya biashara.

Injinia: Mkono wa Salvatory. Chuma kinazoea, Devotha. Miaka yote hiyo mkono ule ule, joto lile lile. Kule kwenye kampuni tulikuwa na katapila, lilikuwa halimkubali mtu ila Mchina mmoja mwembamba. Mchina akarudi kwao likizo. Katapila likakaa. Wakaja mafundi na kompyuta, likakaa. Mchina akarudi, akaligusa hivi, likaunguruma.

Askofu: Huyo Mchina alikuwa na ufunguo.

Injinia: Alikuwa na mkono!

Daktari: Mimi nakubaliana na Injinia, ila namrekebisha kidogo. Hili ni kama ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akifiwa na mkamuaji wake anabana maziwa. Utamkanda, utamwimbia, wapi. Sasa sisi kitaalamu tunafanyaje? Tunamvika mkamuaji mpya nguo za yule wa zamani. Ng'ombe ananusa, anaachia.

Devotha: Na gari linanusa kwa pua ipi?

Daktari: Sisemi linanusa. Nasema Joakim avae shati la kaka yake ambalo halijafuliwa, akae kwenye kiti, atulie. Hatupotezi kitu.

Joakim: Mashati yote yaligawiwa, Daktari. Siku ya matanga.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni aliliona shati la mistari la Salvatory likiwa limevaliwa na binamu mmoja Jumapili kanisani, limembana mabegani. Siku hiyo alitoka kabla ya komunyo.

Aloyce akatoka chini ya usukani akijipangusa mafuta kwenye ovaroli. Alikuwa fundi wa kawaida tu, mzuri wa breki, mbishi wa umeme, na kwenye kazi hii alishakosea mara moja waziwazi. Swichi ya kwanza aliyoagiza Songea ilikuja ya gari dogo, ikawa haikai. Halafu akakuta kitasa kimefungwa kwa bolti zisizo na vichwa, zile ambazo kiwandani huzikaza mpaka kichwa kikatike ili mwizi asizifungue, na drili yake ikavunja meno kwenye bolti ya kwanza.

Aloyce: Bolti moja imetoka. Bado moja. Nikiing'oa hiyo, swichi hii iliyoletwa na basi la asubuhi inaingia.

Joakim: Itaingia kweli, fundi?

Aloyce: Ikiwa ndiyo yenyewe, itaingia.

Joakim: Na isipokuwa ndiyo yenyewe?

Aloyce akachukua patasi na nyundo, akarudi ndani.

Injinia: Mimi nitawaambia kitu ambacho fundi huyu hawezi kuwaambia. Kuna chipu.

Aloyce: Gari hili halina chipu!

Injinia: Wewe gonga nyundo. Chipu haionekani kwa macho, ndiyo maana ikaitwa chipu. Iko ndani ya kishikizo cha ufunguo, na nyingine iko ndani ya gari. Hizi zinaongea. Ndugu zangu, zinaongea usiku na mchana. Hivi sasa gari hili linaita, na kule chini ufunguo unaitika.

Daktari: Unaitika kutoka kaburini?

Injinia: Tatizo ni udongo. Udongo wetu huu mwekundu unakata mawasiliano. Kama ilivyo simu ukiingia bondeni. Gari linasikia sauti ya mbali, halielewi, linagoma. Dawa yake nyepesi kabisa. Tulivute hili gari kwa kamba mpaka makaburini, tuliegeshe karibu na msalaba. Karibu kabisa. Mawasiliano yatakamata, mtu anazungusha ufunguo wowote, hata wa kufuli la jikoni, linawaka. Na hakuna aliyechimba kitu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Joakim alilifikiria kwa dhati. Aliiona kamba, aliiona njia inayopanda makaburini katikati ya mashamba ya ngolo, yale ya mashimo na matuta, akapiga hesabu ya wanaume wa kusukuma. Mtu aliyebanwa hachagui upumbavu. Kisha akaliona gari limesimama pale likilia stata juu ya kichwa cha kaka yake, akafumba macho.

Askofu: Injinia, wewe unazungumzia mashine. Hapa mashine haihusiki. Mwizi namjua.

Devotha: Mwizi nani?

Askofu: Koti.

Devotha: Kahawa yangu leo ina nini?

Askofu: Nisikilizeni vizuri. Mimi mitumba naifahamu, nimefungua mabelo yake tangu ujana wangu. Nguo za kule zinatoka kwa nani? Kwa watu waliokufa. Watoto wao wanakusanya, wanafunga, wanatuma. Koti lile lilikuwa la Mzungu fulani, mzee, mwenye gari. Kule kila mtu ana gari. Kafa, katwaliwa koti, kaenda bila koti na bila gari. Miaka yote koti linatafuta ufunguo wa kumpelekea mwenyewe. Likampata Salvatory. Mnadhani kwa nini alipenda kuuweka ufunguo mfuko ule ule wakati alikuwa na mifuko ya suruali?

Daktari: Sasa Mzungu ataufanyia nini ufunguo wa pikapu ya Mbinga?

Askofu: Hilo sijui. Mimi nasema ninachokijua.

Injinia: Hapo, Askofu, umetoka nje ya uwanja.

Askofu: Nimetoka? Basi nikuulize, kwa nini zipu? Rozari gani inafungiwa zipu? Na ndiyo maana nasema hata kaburi likifunguliwa, kuchukua ufunguo peke yake haitasaidia. Lazima koti nalo livuliwe, litolewe, lichomwe. Tena alivue aliyemvika, kwa mikono ile ile, kuanzia kifungo cha chini kwenda juu. Ndivyo inavyotakiwa.

Daktari: Kulivua si kazi rahisi. Mimi nimefukua mizoga kwa ajili ya vipimo. Huku juu kwa baridi hii mwili unachelewa, lakini sufu inashika maji, kwa hiyo...

Devotha: Daktari!

Daktari: Naeleza kitaalamu.

Devotha: Funga mdomo na utaalamu wako. Ninyi wanaume hamna haya? Huyu mnayemwongelea alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa wewe Askofu. Anaagiza kikombe, anasema Devotha, niwekee tangawizi nyingi nateremka ziwani Lundo. Ndugu yake huyu hapa anawasikia. Ana masikio!

Hapo ndipo kijiwe kilipomwangalia Joakim. Alikuwa ameinama, kahawa imemwagika kwenye kiatu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo. Injinia alisogea akamwekea mkono mgongoni. Ni mtu wa maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu, lakini mkono wake ulikuwa mzito na wa kweli.

Injinia: Tusamehe, mdogo wangu. Tunaongea kwa sababu tukinyamaza tutamkumbuka.

Joakim: Ongeeni tu, kaka. Nami nikiwasikiliza sifikirii.

Simu ikalia. Joakim alisimama, akajipangusa uso kwa kiganja kabla ya kupokea, kana kwamba baba mkubwa angemwona.

Joakim: Shikamoo baba mkubwa... Bado, baba... Fundi yuko bolti ya mwisho... Ndiyo, nasikia... Wameshakusanyika?... Baba, naomba uwaambie wasubiri. Naomba sana... Hapana, sibishani na wewe. Naomba tu... Ndiyo baba. Adhuhuri.

Akaketi. Sauti ya mzee ilikuwa imetoka nje ya simu, wote walisikia. Vijana walikuwa wamekwisha kufika nyumbani na majembe, wanapewa togwa kibarazani na Bonifasia, mjane wa Salvatory, ambaye katika shauri hilo lote hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Ndani ya gari nyundo iligonga, ikapumzika, ikagonga, kisha kikasikika kitu kidogo kikidondoka kwenye sakafu ya bati.

Aloyce: Imetoka!

Wakasogea kutazama. Waliona mikono ya fundi ikikivuta kitasa cha zamani kutoka chini ya usukani, kikaja na vumbi na vipande vya chuma kilichosagika, akakitupa kwenye kopo la skrepa. Akachukua kitasa kingine kutoka kwenye mfuko wa rambo. Ilionekana wazi kwamba kilishatumika kwenye gari jingine, kilikuwa na mkwaruzo mdomoni, lakini kilikuja na funguo zake mbili zimefungwa kwa uzi. Akakiingiza. Akakitoa. Akakiingiza tena akiguna. Joakim alijikuta anasali Salamu Maria na kukatika katikati, akaanza upya, akakatika tena.

Aloyce: Imekaa. Nimeshachomeka nyaya. Sasa naomba mtu aingie azungushe, mimi nashika huku chini niangalie usukani unavyoachia.

Kiti kizima kikapata shughuli. Injinia alikumbuka kwamba magoti yake hayamruhusu. Askofu alisema yeye ni mtu wa nje ya ukoo, si vizuri. Daktari akasema hata yeye, tena ni mgeni wa mkoa. Devotha akapuliza jiko ambalo halikuhitaji kupulizwa.

Joakim: Naingia mimi.

Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa nyuma, kwa kadiri ya miguu mirefu ya Salvatory, na Joakim ilimbidi ajisogeze mbele ili afikie. Nyuma ya kiti ulikuwapo msumari wa kuning'iniza koti kila gari linapofika chini kwenye joto la ziwani. Harufu ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, ilikuwa bado imo. Akapokea ufunguo. Ulikuwa na meno yake yote, baridi, haumjui mtu. Akauchomeka.

Mkono wake wenyewe ukaanza kuurudisha nje kidogo, na goti likainuka kwenda kwenye usukani, maana alimwona kaka yake akifanya hivyo tangu yeye kijana.

Aloyce: Unafanya nini? Zungusha tu.

Akazungusha tu. Ulikwenda bila kusita, laini kabisa, na usukani ukaachia kwa kishindo kidogo. Haukutaka ujanja wowote. Haukutaka goti wala ile namna ya kuurudisha nje, na Joakim akasikia uchungu ambao hakuutegemea, kwa sababu kuanzia dakika hiyo yeyote mwenye vidole angeweza kuliwasha gari la Salvatory. Taa nyekundu zikawaka kwenye dashibodi. Stata ikalia, ikalia, ikanyamaza.

Injinia: Nilisema mimi. Udongo.

Aloyce: Nyamaza! Betri imelala. Joakim, tena. Kanyaga mafuta kidogo.

Akarudia. Gari likatetemeka, likatema moshi mweusi, na ghafla likashika. Ekzosi yake ilitoboka zamani, na mngurumo ukajaa barabarani, mnene, wa kukwaruza, ukagonga kuta za maduka ya ng'ambo. Kuku wakakimbia. Injinia akaruka kwa magoti yale yale mabovu, akamkumbatia Daktari. Askofu alipiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti kubwa kwamba koti limeshindwa. Aloyce alikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi, akacheka peke yake.

Joakim aliinua simu juu ya usukani.

Joakim: Baba mkubwa! Sikiliza! Unasikia?... Ndiyo! Kwa ufunguo, baba. Ufunguo kabisa... Ndiyo... Waambie warudi makwao. Waambie wanywe togwa warudi makwao... Asante, baba. Asante sana.

Akaiweka simu kwenye kiti cha abiria. Kaka yake atalala na koti lake. Hakuna mkono utakaoingia pale, si wake wala wa mtu mwingine, na kile kigumu kifuani kinaweza kuwa rozari milele. Alifurahi. Alilia na alifurahi, akakanyaga mafuta bila sababu ili asikie tena ule mngurumo, na kijiwe kikapiga makofi.

Hawakumwona bibi mmoja mzee mpaka alipokuwa katikati ya barabara. Alikuja kutoka upande wa hospitali, akikimbia kama wanavyokimbia watu wa umri wake, miguu ikiburuza ndara, kadi ya kliniki mkononi na kanga imeteleza kichwani. Pikipiki ikampigia honi, hakuisikia. Alikuwa anacheka.

Bibi: Nilijua! Nilijua ni uongo! Niliwaambia kule kwetu, nikasema mtu yule hawezi kufa hivi hivi bila kuaga!

Devotha: Bibi, shikamoo. Pumzika kwanza.

Bibi: Marahaba mwanangu. Nipumzike nini? Mimi ni Ottilia wa Lundo, yeye ananiita mama. Kila mwezi ananipandisha kliniki na kunirudisha, hata mvua ikinyesha. Wakatuletea habari kwamba amefariki. Tukalia, tukataka kuja kuzika, tutakuja na nini? Wa kutupandisha si ndiye yeye? Tukakaa na msiba wetu huko huko ziwani. Leo nimekopa nauli, nimekuja na basi, nimekaa foleni pale, nikasikia mlio. Gari hili likiteremka kwetu tunalisikia kabla halijaonekana, watoto wanakimbilia barabarani. Nikamwambia nesi, subiri mama, mwanangu huyo amekuja!

Alikuwa amefika mlangoni. Akaweka mkono kwenye dirisha lililo wazi, akachungulia, akamwona Joakim. Uso wake ukasita, lakini tabasamu halikuondoka.

Bibi Ottilia: Wewe utakuwa mdogo wake. Sura moja. Haya baba, mwenyewe yuko wapi?

Injinia, aliyekuwa na jawabu la chipu na la Mchina, alitazama ndani ya kikombe chake. Askofu alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Daktari akasema shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba, akaanza kumpangia Devotha vikombe.

Bibi Ottilia: Ameingia dukani? Nimsubiri?

Aloyce alimfanyia Joakim ishara ya mkono kwamba azime, ili watu wasikilizane. Joakim aliiona. Vidole vyake vilikuwa juu ya ufunguo, na ufunguo ulikuwa laini, mtoto angeweza kuuzungusha. Hakuweza. Akaliacha gari liendelee kunguruma, na bibi akaendelea kungoja pale mlangoni, akichungulia juu ya bega la Joakim kuelekea dukani.